Mkorogo wa Asali

Katika chumba cha kufulia cha hospitali kulikuwa na wanawake kumi na wanane, na wawili kati yao walisimama kwenye mashine moja ya kupigia pasi mashuka kwa miaka ishirini na sita. Mmoja aliingiza shuka likiwa bado na unyevu, mwenzake akalipokea upande wa pili likiwa la moto na kulikunja mara nne. Huyu wa kuingiza walimwita Bi Asali. Yule wa kukunja walimwita Bi Mkunjo, naye mwenyewe alikuwa akisema jina hilo limemfaa pande zote mbili, kazini na usoni.

Chumba kile hakikumwacha mtu na ngozi yake. Mvuke ulipanda tangu asubuhi hadi mashine zilipozimwa, na dawa ya kung'arisha nguo ilipasua vidole. Bi Mkunjo alitokwa na mabaka meusi mashavuni kwa sababu ya joto. Bi Asali ngozi yake ilibaki laini, na siri yake haikuwa siri. Kila siku akirudi nyumbani alichota kijiko kimoja cha asali, akakilegeza kwa matone machache ya maji ya vuguvugu, akajipaka usoni na mikononi, kisha akakaa kuchambua mchele mpaka asali ikauke kidogo. Halafu akanawa. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia. Mwenzao mmoja alipopasuka vidole hata akashindwa kukamua nguo, Bi Asali alimletea kichupa, akamfunga vidole kwa asali na kitambaa safi, na baada ya wiki mbili yule mtu alikuwa anakamua kama zamani.

"Na mimi utanifunga uso mzima lini?" Bi Mkunjo aliuliza.

"Wewe uvivu tu. Kila nikikupa unaila."

"Asali ni ya kula, mwenzangu. Kuipaka ni kuidhalilisha."

Wakacheka. Lakini wale wasichana wapya waliomwuliza kama asali itawang'arisha wawe weupe aliwajibu bila utani: "Asali haimgeuzi mtu. Inamfanya awe yule yule, ila aliyeoga vizuri."

Walistaafu mwaka mmoja, wakaendelea kutembeleana. Nyumba zao zilitenganishwa na mitaa miwili. Ikipita wiki bila Bi Mkunjo kuonekana mlangoni, Bi Asali alivaa ndala akamfuata.

Bi Asali alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyemlea peke yake baada ya mumewe kufariki. Binti huyu aliajiriwa kwenye duka la vipodozi kwa miaka kadhaa, kisha akafungua lake, dogo, lenye kioo ukuta mzima. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka sita. Binti mwenyewe alikuwa na maneno matamu. Angeweza kumwuzia kipara kitana. Jumapili moja alikuja kwa mama yake na simu mkononi.

"Mama, hebu vua kitambaa ukae hapo dirishani, nikupige picha."

"Ya nini tena?"

"Nataka kutengeneza krimu ya asali. Ile ile yako, mama, mimi naiweka kwenye kopo tu. Watu hawaamini maneno, wanaamini uso. Na uso kama wako ninao mimi peke yangu mjini hapa."

Bi Asali alikataa kwa mdomo, huku mkono tayari uko kwenye kitambaa. Hakuna aliyewahi kutaka picha yake ila ya kitambulisho. Akakaa dirishani, mjukuu wake akamshikia pazia lisiingie kwenye picha, na akacheka, kwa sababu mtoto alimwambia, "Bibi, usifanye kama unaenda polisi."

Makopo yalipotoka yalikuwa mazuri. Meupe, yenye kifuniko cha rangi ya dhahabu, na uso wake ukicheka chini ya maneno *Asali ya Mama*. Binti alimletea katoni nzima. Bi Asali alifungua kopo moja, akanusa, akakunja uso.

"Mbona inanukia hospitali?"

"Ni manukato hayo, mama. Siku hizi watu wakipewa kitu kisichonukia wanadhani kimeoza."

Miaka ishirini na sita alifanya kazi hospitalini. Alijua harufu ya dawa na alijua harufu ya maua. Ile haikuwa ya maua. Lakini alilitazama tena kopo, akautazama uso wake, na hakuuliza swali la pili. Akaipanga katoni juu ya kabati. Yeye mwenyewe aliendelea na kijiko chake na chupa yake ya asali, si kwa kuogopa, ni mazoea tu.

Mwezi uliofuata mtoto wa kiume wa Bi Mkunjo, dereva wa lori, alitangaza kuoa. Bi Mkunjo alihangaika kuliko bibi harusi. Alishona gauni, akalifumua, akalishona upya. Siku moja alikaa jikoni kwa Bi Asali akajishika mashavu.

"Picha zitakaa ukutani kwao mpaka nife na baada ya hapo. Wajukuu watauliza, huyu mwenye masizi ni nani?"

Bi Asali akainuka, akapanda kwenye kigoda, akashusha kopo juu ya kabati. Akampa kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto.

"Leo huna kisingizio. Hii hailiki. Asubuhi na jioni."

"Ni ile yako?"

"Ile ile. Mwanangu ameiweka kwenye kopo tu."

Baada ya siku kumi na mbili mabaka yalianza kufifia. Siku ya harusi Bi Mkunjo aliingia ukumbini uso unang'aa, na wanawake waliomjua walimshika kidevu wakamgeuza huku na huku. Alimwelekeza kila mmoja kwa Bi Asali. "Muulizeni huyo. Miaka yote nilikuwa napokea mashuka kwake na dawa naiacha."

Bi Asali alipokea sifa zile, lakini moyoni kitu kilimkwama. Asali yake haikuwa na haraka hivyo. Asali yake ilichukua miezi, na mabaka haikuyafuta, iliyalainisha tu. Aliutazama uso wa rafiki yake, kisha akaitazama mikono iliyoshika pochi. Uso ulikuwa wa mtu mmoja, mikono ya mwingine.

Kesho yake alipita dukani kwa bintiye.

"Ndani ya ile krimu kuna nini?"

"Asali, mama."

"Na nini tena?"

Binti akaweka chini kalamu. "Kila mtu ananisifu isipokuwa wewe. Ulitaka nibaki kufagia duka la watu? Au hutaki nifanikiwe kwa uso wako?"

Maneno hayo yalimchoma. Akaomba radhi, akanunua kiberiti duka la jirani kana kwamba ndicho kilichomtoa nyumbani, akarudi zake.

Bi Mkunjo hakuacha kupaka. Kopo la kwanza lilipokwisha alikwenda dukani mwenyewe, na kila alipojaribu kukaa siku mbili tatu bila krimu ile, uso uliwasha na mabaka yakachungulia. Basi akaongeza. Mwezi wa tano tangu aanze kupaka alishindwa kusimama mbele ya jiko. Moto kidogo tu, mashavu yaliwaka kama aliyemwagiwa pilipili. Ngozi ikawa nyembamba hata mishipa ikaonekana, myekundu, kama nyuzi kwenye kitambaa kilichochakaa. Kisha miguu ikavimba. Asubuhi moja hakuweza kuvaa viatu, na mwanawe akampakia kwenye lori akampeleka hospitali.

Daktari wa ngozi alimwuliza anapaka nini. Akasema asali. Daktari akamwomba mwanawe alete kopo, akalipeleka maabara. Jibu lilirudi na maneno mawili yaliyoeleweka kwa kila mtu: zebaki, na dawa kali ya ngozi ambayo haiuzwi bila cheti cha daktari. Asali ilikuwamo, kidogo. Zebaki ndiyo iliyokwenda kwenye figo.

Bi Asali alisikia habari hizo kwa mke wa yule dereva, akaenda hospitali bila hata kubadili kanga. Alimkuta Bi Mkunjo amekaa kitandani, uso umerudi kuwa mweusi vipande vipande, mweusi kuliko mabaka ya zamani, na mahali pengine mwekundu unatoa maji. Alikuwa akilivuta shuka kwa vidole viwili.

"Tazama," alisema. "Hawa wa sasa hawajui kupiga pasi. Ningelipokea hili ningelirudisha."

Bi Asali akakaa kwenye kiti.

"Mwenzangu, mimi sikujua."

"Nimewaambia hivyo. Nimewaambia huyu hawezi kujua." Bi Mkunjo alizungumza polepole kwa sababu midomo ilimpasuka. "Ila kuna kitu nataka kukuuliza, na nakuomba usinifiche. Wewe mwenyewe uliipaka?"

Wodini mgonjwa wa kitanda cha tatu alikuwa akikohoa. Bi Asali alisubiri amalize.

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Niliinusa tu."

"Ikanukiaje?"

Bi Asali akainamisha macho. Bi Mkunjo akaliachia shuka, akageukia ukutani. Bi Asali alikaa pale akitazama mgongo wake mpaka muuguzi akaja kusema muda wa wageni umekwisha.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja dukani. Binti alikuwa na wateja. Bi Asali hakungoja, alipitiliza hadi chumba cha nyuma, mahali ambapo hakuwahi kukaribishwa. Alikuta ndoo mbili za plastiki, mwiko mrefu, mkasi, na mfuko wa sandarusi uliojaa tyubu tupu za dawa ya ngozi zilizokatwa matumboni ili zikamuliwe mpaka mwisho. Mezani palikuwa na chupa moja ya asali, ndogo, ya kutilia chai. Alijua jina la kitu kile. Mtaani kila mtu alilijua. Ulikuwa mkorogo, ule ule wanaojichubulia watu, na uso wake ulikuwa umebandikwa juu.

Binti aliingia akafunga mlango.

"Mama, kabla hujasema. Kabla ya kopo lenye picha yako niliuza asali tupu miezi mitatu. Tupu kabisa, kama unavyotaka wewe. Watu wakarudisha. Wakasema mbona haifanyi kitu. Hawataki kulainika, wanataka kubadilika. Mimi sikuwalazimisha."

"Bi Mkunjo hakutaka kubadilika. Alitaka apigwe picha."

"Sikumpa mimi."

"Ndiyo. Nilimpa mimi."

Binti akavuta kiti akamkalisha mama yake, akachuchumaa mbele yake kama alivyokuwa akifanya utotoni akitaka kitu.

"Afisa wa afya amekuja jana, akaishia hapo mbele. Alhamisi atakuita na wewe, kwa sababu ya picha. Nisikilize, mama. Sema ni dawa yako. Ya asili, ya bibi na bibi wa bibi, ulichanganya mwenyewe na hukujua zile tyubu zina nini. Wewe ni mtu mzima, umestaafu, watakukanya tu watakuachia. Mimi wakinishika, huyu mtoto nitamwacha na nani?"

"Unataka niseme nimemwekea rafiki yangu sumu."

"Si umempa kweli?"

Bi Asali aliutazama uso wa bintiye. Ulikuwa mzuri, na yeye binti hakuwa na hata chembe ya mkorogo juu yake. Alijipaka asali tupu, kama alivyofundishwa.

Kwa siku tatu Bi Asali alifikiri kufanya vile. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na ni kweli. Alimkumbuka akiwa mchanga, amelazwa kwenye kikapu cha mashuka kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia, msimamizi akijifanya haoni. Aliyafanyia mazoezi maneno yale akipika, akifagia. *Nilichanganya mwenyewe. Sikujua.* Yalikuwa mepesi. Nusu yake haikuwa uongo.

Alhamisi akavaa gauni lake la kutokea, akaenda. Ofisi ya afisa wa afya ilikuwa na meza ya chuma na feni isiyozunguka, na juu ya meza kopo lilikuwa limewekwa uso wake ukimtazama yeye. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Huyu ni wewe, mama?"

"Ni mimi."

"Dawa ni yako?"

Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini afisa, pengine kwa kuona anasita, alifungua jalada akalisogeza. "Kabla hujajibu nataka uone. Si mgonjwa mmoja." Akafunua karatasi moja moja. Mwalimu. Muuza mboga. Msichana wa miaka kumi na saba. Kwenye karatasi ya nne kulikuwa na picha ya mtoto wa miezi saba, mgongo wote umebabuka.

"Huyu alikuwa na vipele vya joto," afisa alisema. "Mama yake aliona asali, akaona bibi anacheka, akaona hakuna ubaya kumpaka mtoto."

Bi Asali aliishika picha ile kwa ncha, kama kitu cha moto. Akairudisha mezani. Kisha akasema kwamba aliyechanganya ni bintiye, na kwamba chumba cha nyuma cha duka kuna ndoo mbili, na asifike kesho kwa sababu kesho hazitakuwepo. Akasema pia kwamba yeye aliinusa ile krimu siku ya kwanza na akanyamaza, na hilo aliomba liandikwe. Afisa akaandika.

Duka lilifungwa jioni ile ile. Kesi haikuchukua muda. Binti alihukumiwa miezi kumi na minane, na mtoto akachukuliwa na ndugu wa baba yake, waliokaa mji mwingine. Siku ya hukumu Bi Asali alisimama kwenye korido ya mahakama ili amwone akipitishwa. Binti alisimama mbele yake, askari akamwacha kidogo.

"Ulikuwa na neno moja tu la kusema, mama."

"Mwanangu, kulikuwa na mtoto mchanga."

"Na wangu je?"

Askari akamgusa bega, wakaenda.

Bi Asali alikwenda gerezani mara nne na sabuni, dawa ya meno na nguo za ndani. Mara zote nne sabuni ilipokelewa, lakini binti hakutoka kumwona. Mara ya tano askari wa getini, aliyekwisha kumzoea, alimwambia kwa upole, "Mama, usijichoshe. Vitume tu." Akavituma. Alipiga simu kuzungumza na mjukuu, mwanzoni wakampa, baadaye wakasema yuko shule, kisha wakasema amelala, saa nane mchana. Binti alipotoka hakupita nyumbani. Bi Asali alisikia tu kwa watu kwamba ametoka, amebadili namba, amemchukua mtoto na kuhama.

Mtaani watu waligawanyika nusu kwa nusu. Wapo waliosema amefanya la haki, wakamsalimia kwa heshima ambayo hakuitaka. Wapo waliosema mzazi anayemfunga mwanawe ni wa kuogopwa. Hakuna aliyemwomba asali tena.

Katika hayo yote alikuwa na tumaini moja, na hakumwambia mtu. Alidhani kwamba kwa kusema kweli, ingawa amempoteza binti, Bi Mkunjo atamrudia. Alikwenda kwake mara mbili, na mara zote mbili dereva alitoka akasimama mlangoni. "Mama amepumzika," alisema, ingawa ndani redio ilisikika na mtu anaimba nayo.

Karibu miaka miwili ilipita. Figo za Bi Mkunjo zilitulia kwa dawa atakazomeza maisha yake yote. Uso haukutulia. Ulibaki na weusi wa chungu, na daktari alimkataza jua. Asubuhi moja alikuja mwenyewe kwa Bi Asali, amebeba mwavuli mkubwa na amejifunga mtandio mpaka puani. Bi Asali alimvutia kiti, akaweka maji ya chai jikoni kwa haraka.

"Usipike. Sikai."

"Kaa kidogo, dada."

Akakaa ukingoni mwa kiti. Akautazama ukuta, akaitazama sakafu.

"Wananiambia nikusamehe," alisema. "Mwanangu, mkwe wangu, kiongozi wetu wa dini. Wanasema umelipa, umemtoa mwanao. Nimefikiri sana. Umemlipa nani? Mimi sikupokea kitu. Mwanao amekwenda, na uso wangu ni huu."

"Sikufanya ili nilipe."

"Najua. Wewe si mtu mbaya. Na hasira sina tena, zimekwisha, nimechoka." Akaushusha mtandio kidogo apate kupumua. "Lakini kila nikikuona naiona ile siku. Ulivyopanda kwenye kigoda. Ulivyokuwa unacheka. Nami nikaona, maskini, huyu ananipenda."

"Nilikuwa nakupenda. Nakupenda."

"Ndiyo. Ndiyo maana nilipaka."

Maji yalichemka yakamwagikia moto. Hakuna aliyeinuka.

"Nimekuja kukuambia usije tena nyumbani," Bi Mkunjo alisema. "Nimeona si vizuri nimtume mtoto akwambie. Tumefanya kazi pamoja miaka mingi. Nimeona nije mwenyewe."

Alisimama, akajifunga mtandio, akaufungua mwavuli hata kabla ya kufika mlangoni. Bi Asali alitoka naye mpaka kizingitini, akamwuliza kama anaweza kumsindikiza walau hadi kona.

"Njia naijua," alisema Bi Mkunjo.